Maswali ya Wasomaji: Mtu wa Dodoma na siku kumi za bahari

Mwezi uliopita tuligusia swali la kijana fundi dizeli wa Nkuhungu, jijini Dodoma, aliyepata nafasi ya ubaharia kwenye boti ya matanga ya futi 40 itakayotoka Dar es Salaam kwenda Mahé, Ushelisheli, mwezi wa Septemba. Boti ina watu 4 pamoja na yeye, na chombo pekee alichowahi kupanda ni kivuko cha Kigamboni. Tuliahidi kumjibu kwa kirefu. Kabla hatujatimiza ahadi, barua zimeingia kutoka Mpwapwa, Singida, Kondoa, Manyoni, Kongwa na Chuo Kikuu cha Dodoma, kila mmoja akiuliza la kwake kuhusu safari hiyohiyo. Ukurasa wote wa mwezi huu tumewapa wao.

Wahariri, habari za kazi. Nimebakiwa na wiki kumi. Nahodha ameniambia nije na afya njema na utayari wa kujifunza, basi. Bahari iko kilomita 450 kutoka hapa nilipo. Nianzie wapi? — Fundi, Nkuhungu

Ndugu fundi, anza kwa kuijua safari yenyewe, maana maandalizi yote yanatoka humo. Dar es Salaam hadi Mahé ni kama maili 980 za baharini, na kila maili ya baharini ni mita 1,852. Boti yenu ikienda wastani wa noti 5, yaani maili 5 kwa saa, itakata maili 120 kwa siku. Hizo ni siku 8 mambo yakienda vizuri. Nyinyi hesabuni 10. Mtaelekea mashariki, kaskazini kidogo. Septemba upepo wa kusi bado unavuma, ingawa ukali wake wa Juni na Julai umepungua, na kwa kuwa unatoka kusini-mashariki utawapiga upande wa kulia kwa mbele. Kwa hiyo boti italalia kushoto, nyuzi 15 hadi 20, usiku na mchana, huku ikipanda na kushuka mawimbi. Utapika, utalala na kwenda haja kwenye sakafu iliyoinama. Mkondo wa maji wa pwani yetu nao unakwenda kaskazini, na msimu wa kusi una kasi kubwa, kwa hiyo siku za mwanzo nahodha ataelekeza omo, yaani mbele ya boti, kusini zaidi ya mnakokwenda. Usidhani amekosea.

Vimbunga vya bahari hii huwa zaidi kati ya Novemba na Aprili, ingawa Hidaya ilifika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, na hilo linatosha kukumbusha kwamba kalenda si ukuta. Septemba ni mwezi mzuri.

Kazi ya kwanza ni kuogelea, na wiki kumi zinatosha. Tafuta bwawa la kuogelea la hoteli lenye mwalimu. Usiende kujifunzia Mtera, kule kuna mamba na viboko, na mabwawa yetu mengi madogo yana kichocho. Lengo lako la kwanza lisiwe kasi. Jifunze kuelea chali dakika 10 ukiwa umevaa suruali na shati, ukipumua taratibu. Mtu aliyeanguka baharini hawezi kuikimbiza boti. Anachoweza ni kubaki juu ya maji mpaka boti imrudie. Ukishaweza kuelea, ndipo utafute mita 200 bila kusimama.

Ya pili ni kamba. Nunua mita 3 za kamba ya milimita 8 dukani kwa vifaa vya ujenzi na ujifunze mafundo matatu tu: kitanzi kisichokaza, fundo la nane la mwisho wa kamba, na namna ya kuzungusha kamba kwenye chuma cha pembe mbili cha kufungia. Kitanzi kisichokaza ndicho kikubwa, kwa sababu hubeba mzigo wote wa tanga na bado hufunguka kwa vidole mzigo ukiondoka. Fundo lolote la kubahatisha hukaza likilowa, na hapo itabidi kamba ikatwe. Fanya mazoezi umefumba macho mpaka mikono izoee, kwa sababu utakifunga kitanzi hicho usiku, boti ikiruka.

Ya tatu unayo tayari. Kwenye boti ya watu 4, mtu anayejua dizeli ana thamani kubwa, ila kuna mambo mawili ambayo gereji za Dodoma hazikukufundisha. La kwanza ni uchafu wa tangi. Boti ikikaa bandarini, tope na maji hutulia chini ya tangi la mafuta. Siku ya mawimbi vinavurugika, chujio linaziba, na injini inazima wakati mnaihitaji kuliko siku zote. Mwombe nahodha mlifungue tangi na kulisafisha kabla ya kuondoka, na mchukue machujio yasiyopungua 4 ya kila aina. Ukibadilisha chujio baharini, lijaze dizeli safi kwanza, legeza skrubu ya kutolea hewa, pampu kwa mkono hadi mapovu yaishe, kaza, ndipo uwashe. La pili ni maji ya bahari yanayopoza injini. Ukipiga stata muda mrefu bila injini kuwaka, pampu inaendelea kuvuta maji ambayo hakuna moshi wa kuyasukuma nje; yanajaa kwenye bomba la moshi na kurudi mpaka kwenye silinda. Kwa hiyo stata ikizidi sekunde chache, funga vali ya maji ya bahari, na injini ikiwaka tu, ifungue saa hiyohiyo. Ukisahau kuifungua, pangaboi la mpira la pampu litaungua ndani ya muda mfupi. Beba mapangaboi ya akiba, angalau 2.

Salaam. Binti yangu amesoma swali la yule kijana na sasa naye anataka. Mimi ninauliza jambo moja. Watu wanakufaje huko, na mtu akianguka majini inakuwaje? — Mama mkulima, Mpwapwa

Mama, tunashukuru umeuliza waziwazi, na tunakujibu waziwazi. Watu wengi wakiwaza kifo cha baharini huwaza tufani. Tufani zipo, lakini mtu wa boti ndogo hupotea zaidi kwa jambo dogo: ametoka usiku peke yake bila kujifunga, ameinama ukingoni kutapika au kukojoa, wimbi moja likaipiga boti kwa ubavu. Boti inayokwenda noti 6 inakata mita 3 kila sekunde. Baada ya dakika moja iko mita 185 mbele. Kichwa cha mtu katikati ya mawimbi ya mita 2 hakionekani tena kutoka umbali huo mchana, sembuse usiku. Kwa hiyo nguvu zote ziwekwe katika kutoanguka.

Kinachozuia ni mkanda wa kifuani, ambao mara nyingi umeshonwa pamoja na jaketi la kuokolea, na kamba fupi yenye ndoano. Juu ya sitaha hulazwa utepe imara, mmoja kila upande, kutoka tezi, yaani nyuma ya boti, hadi omo, na ndoano ya baharia hutelezea humo anapotembea. Binti yako akumbuke haya. Ndoano ifungwe kabla hajatoka: akiwa bado kwenye ngazi ya chumbani anyooshe mkono, afunge kwenye pete ya chuma ya sitaha, ndipo apande. Asifunge kamwe kwenye waya za ukingoni, kwa sababu hazikutengenezwa kubeba mtu anayeanguka. Akielekea omo apite joshini, upande upepo unakotoka, maana akiteleza ataangukia ndani ya boti. Kamba iwe na matawi mawili, la mita 2 na la mita 1, na akifika mahali pa kazi atumie lile fupi. Hapa wengi hukosea. Kamba ndefu inayomruhusu mtu kufika majini inaweza kumuua akiwa amefungwa, kwa kuwa boti ikimburuta kwa noti 6 maji humwingia puani na mdomoni. Kamba sahihi ni ile isiyomwacha avuke ukingo.

Sheria ya kujifunga kwenye boti nzuri haijadiliwi: kila usiku, kila unapokuwa peke yako juu, kila matanga yanapopunguzwa, na kila unapojisikia kutapika. Haja ndogo ni chooni, kwa kukaa, hata kwa wanaume.

Jaketi lenyewe liwe la nguvu ya kuelea ya nyutoni 150, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Bila mkanda huo, jaketi lililojaa upepo hupanda hadi masikioni na mtu huteleza chini yake. Lijaribuni wiki moja kabla ya safari. Lipulizeni kwa mdomo, mliache usiku kucha, na asubuhi liwe bado gumu. Fungueni mtungi mdogo wa gesi unaolijaza jaketi mwupime kwa mizani ya jikoni ya dijitali. Uzito wa chini umegongwa kwenye chuma chake, na ukipungua hapo mtungi haufai. Kifyatulio kinachoyeyuka kwenye maji nacho kina tarehe ya kwisha.

Akianguka mtu pamoja na yote hayo, anayeona apige kelele “Mtu majini!” na amnyooshee kidole, asiondoe macho wala mkono hata akiitwa kwa jina. Hiyo ndiyo kazi ya mgeni, na ni kazi kubwa. Mwingine arushe boya la duara lenye taa, mwingine abonyeze kitufe cha GPS kinachohifadhi mahali hapo, na aliyeshika usukani ageuze omo kwenye upepo boti isimame. Injini isiwashwe kabla ya kuangalia kama kuna kamba inayoning’inia majini, kwa sababu ikijizungusha kwenye pangaboi mmepoteza injini na muda. Kumpandisha mtu ndiko kugumu kuliko yote. Aliyelowa na kuchoka hapandi kwa mikono ya watu wawili. Hutumika henza, kamba ya kupandishia tanga, inayofungwa kwenye mkanda wake na kuvutwa kwa winchi, ngoma ya kukazia kamba. Zoezi hili lifanywe bandarini na mtu wa kweli, kabla ya siku ya kuondoka. Nahodha anayekataa zoezi hilo, mama, usimpe binti yako.

Mimi ni muuguzi. Huyu kijana akilewa bahari atatumia nini, na ni wakati gani ulevi huo unakuwa hatari? — Singida

Ndugu muuguzi, sababu unaijua: sikio la ndani linasema mwili unayumba, macho yaliyo ndani ya chumba yanasema umetulia, na ubongo unashindwa kuamua. Kwa wengi hali huwa mbaya saa 48 hadi 72 za kwanza, kisha mwili unazoea. Dawa ina faida ikimezwa kabla. Mtu akishaanza kutapika, kidonge hakikai tumboni. Sinarizini kwa mtu mzima huanzwa kwa miligramu 25 hadi 30, saa 2 kabla ya kuondoka, kisha 15 kila baada ya saa 8. Promethazini ya miligramu 25 humezwa usiku wa kuamkia safari, ila inaleta usingizi mzito na haifai kwa anayeingia zamu. Bandiko la hayosini huwekwa nyuma ya sikio saa 4 kabla na hudumu siku 3. Hukausha mdomo, huweza kufifisha macho, na anayeligusa kisha akajipangusa jicho atatanuka mboni, kwa hiyo anawe mikono. Mwenye presha ya jicho asilitumie. Dawa yoyote ijaribiwe nyumbani siku ya mapumziko, siyo siku ya kuendesha bodaboda, ili ajue inamfanyaje.

Yapo mengine yasiyohitaji duka la dawa, nasi tunayathamini sawa na vidonge. Asinywe pombe siku moja kabla. Begi lipangwe ili koti la mvua, sweta, tochi na dawa viwe juu, kwa sababu dakika tano za kuinama na kupekua begi chini ya sitaha zinatosha kumwangusha mtu mzima. Macho yawe kwenye upeo wa bahari. Akiweza ashike usukani, kwani anayeongoza chombo hulewa kidogo kuliko anayebebwa. Akishindwa kabisa, alale katikati ya boti, chini, macho yamefumbwa, ndoo kando.

Hatari kubwa ni kukaukiwa maji. Pakiti moja ya ORS kwenye lita 1, kijiko kimoja au viwili kila dakika chache hata kama sehemu inarudi. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai au ukikosekana saa 8, au mtu akimaliza saa 24 bila kitu kukaa tumboni, nahodha aambiwe. Aibu ndiyo inayowaponza vijana hapa. Anajifungia, hanywi, anasema ni uchovu tu, na siku ya tatu hajui hata siku. Boti inaweza kusimamishwa baharini kwa saa kadhaa ili mgonjwa apate nafuu, na namna yake tumemweleza Mzee wa Manyoni hapa chini.

Mimi nina mgahawa. Watu wanne, siku kumi: chakula na maji mnapimaje? Na je, vyakula vyetu vya huku kati vinafaa? — Mama lishe, Kondoa

Maji kwanza. Lita 4 kwa mtu kwa siku zinatosha kunywa na kupika. Watu 4 kwa siku 10 ni lita 160. Ongeza nusu yake kwa ajili ya kuchelewa, ziwe 240. Yasikae yote mahali pamoja, kwa sababu tangi likipasuka au likiingiwa na maji ya chumvi safari imeharibika. Hata tangi likiwa la lita 200, jazeni madumu 5 ya lita 20 na myafunge imara, na kila dumu lipewe dawa ya klorini kwa kipimo cha paketi yake. Madumu yasijazwe mpaka shingoni. Yenye nafasi kidogo ya hewa yataelea yakianguka au mkihamia kwenye mtumbwi wa kuokolea. Maji ya bahari yasinywewe hata kidogo. Yana gramu 35 za chumvi kwa lita, figo haiwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi hivyo, na mwili hulazimika kutumia maji yake kuiondoa. Kuoga ni kwa maji ya chumvi kisha lita 1 ya maji yasiyo na chumvi kwa kitambaa, hasa makalioni na kwapani, la sivyo vidonda vya chumvi vitafanya kukaa kuwe adhabu. Mtu aliyezoea kuogea kikopo Dodoma hapa ana nafuu kuliko wengi.

Chakula cha siku 2 za kwanza kipikwe nchi kavu, kwa kuwa hakuna atakayetaka kushuka jikoni: chapati, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai ya kuchemsha, ndizi, biskuti kavu, tangawizi. Baada ya hapo vya kwetu vinafaa sana. Mlenda mkavu hauna uzito na huiva haraka. Karanga, zabibu kavu, asali ya Manyoni na ubuyu ni chakula cha zamu ya usiku kisichohitaji moto. Maboga, vitunguu na kabichi lisilomenywa hukaa wiki kadhaa mahali pakavu penye hewa. Mayai ambayo hayajawahi kuingia friji yapakwe mafuta ya kula na kugeuzwa kila siku 2. Unga wa sembe kadiria gramu 150 kwa mtu kwa mlo. Maboksi ya karatasi yasiingie botini, maana mayai ya mende hujificha kwenye mikunjo yake, na makopo yaandikwe kwa kalamu ya rangi kwa sababu karatasi zake hubanduka zikilowa.

Ugali baharini hupikwa kwa sufuria ndefu iliyojaa nusu, na mpishi avae aproni nene au suruali ya mvua hata kama ni joto. Kuungua kwa maji yanayochemka ni ajali ya kawaida ya jikoni mwa boti. Aliyeungua amwagiwe maji baridi dakika 20, ya bahari kwa kuanzia. Gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka na kukusanyika ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Kila mkimaliza kupika, fungeni kwenye mtungi wenyewe, siyo kwenye jiko.

Usiku boti inakwenda huku watu wamelala? Huyo mgeni anaachiwa zamu peke yake? — Mwanafunzi, UDOM

Inakwenda, na lazima mtu awe macho. Kwa watu 4 utaratibu unaofaa ni zamu za saa 3, na mgeni akae na mzoefu usiku 3 za kwanza kabla ya kuachiwa. Anayefuata aamshwe dakika 15 kabla, avae, anywe kitu cha moto, akae kidogo macho yazoee giza. Macho huhitaji dakika 20 hivi, na mwanga mmoja mweupe wa simu unayarudisha mwanzo. Tumieni tochi nyekundu.

Kila dakika 10 zungusha macho upeo mzima, pamoja na nyuma. Hesabu yake ni hii: meli inakuja kwa noti 18, nyinyi mnaielekea kwa 6, mnakaribiana kwa 24. Meli iliyo maili 6 mbele inakufikieni ndani ya dakika 15. Ukiona taa ya kijani, unaona ubavu wake wa kulia; nyekundu ni wa kushoto; ukiona zote mbili pamoja, inakuja moja kwa moja kwako. Ipime kwa dira ya mkononi, na uipime tena baada ya dakika 3. Nyuzi zisipobadilika huku taa zinakua, mtagongana. Usiku wa kwanza karibu na pwani kuna ngalawa na mashua zisizo na taa, pamoja na nyavu, kwa hiyo tegemea masikio pia.

Kila saa andika kwenye daftari mahali mlipo, mwelekeo, mwendo, upepo na kipimo cha shinikizo la hewa. Hicho cha mwisho kina siri yake katika bahari za joto: hupanda hadi saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, hushuka hadi saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, tofauti ya milibari 2 au 3, kila siku. Mgeni asiyejua hili huogopa bure kila jioni. Cha kuogopwa ni kushuka kunakozidi hapo, au kushuka saa ambayo kingepaswa kupanda.

Kwenye usukani kosa la wageni ni moja. Dira ikisogea nyuzi 5 anavuta kwa nguvu, boti inapitiliza, anavuta upande wa pili, na njia inakuwa kama ya nyoka. Sogeza kidogo, subiri sekunde 3, tazama. Chagua nyota iliyo mbele juu ya omo uifuate, ukirudi kwenye dira mara kwa mara. Baada ya dakika 15 chagua nyingine kwa sababu ile imehama.

Lililo muhimu kuliko taa na dira ni kumwita nahodha. Upepo umeongezeka au umegeuka, meli iko ndani ya maili 5, umesikia mlio usioujua, umeona maji ngamani, au una wasiwasi usioweza kuueleza: mwamshe. Nahodha mwema anataka kuamshwa kungali na muda wa kuchagua la kufanya.

Nilifanya kazi reli miaka mingi hapa Manyoni. Treni ina breki. Boti ya matanga breki yake ni nini? — Mzee, Manyoni

Shikamoo mzee wetu. Breki yake ni kupunguza tanga, na hufungwa mapema kuliko mtu anavyodhani. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake, huongezeka kwa kipeo cha pili: upepo wa noti 21 unasukuma karibu mara mbili ya ule wa noti 15. Ndiyo maana mabaharia husema wakati wa kupunguza tanga ni pale wazo linapokujia mara ya kwanza. Jioni, kabla ya giza, punguzeni hata kama hakuna haja bado.

Kwa tanga kuu la boti hizi kazi huenda hivi. Geuza omo kidogo kuelekea upepo. Legeza demani, kamba inayolivuta tanga, mpaka lipige upepo bure. Hakikisha mti wa chini wa tanga, unaoitwa bumu, umeshikiliwa na kamba yake ya juu, usije ukamwangukia mtu. Legeza henza hadi alama, tumbukiza pete ya tanga kwenye ndoano iliyo mlingotini, kaza henza tena mpaka ukingo wa mbele uwe mgumu, kisha vuta kamba ya nyuma inayoshusha kona ya tanga hadi kwenye bumu. Mwisho vuta demani muendelee. Mtu aliyefanya mazoezi huchukua dakika 5. Makosa ni mawili. Kuvuta kamba ya nyuma kabla demani haijalegezwa, hapo tanga huraruka. Na kukaza vifundo vya kamba fupi za katikati ya tanga, ambavyo kazi yake ni kukusanya kitambaa kilicholegea tu. Vikibeba mzigo vinatoboa tanga kwenye mstari. Kwenye winchi kamba izungushwe mara 3 kwa mwendo wa saa, na vidole visikaribie ngoma yake. Ikiwa na mzigo, legeza kwa kiganja kilichonyooka.

Ipo na breki ya pili, ya kusimama kabisa. Tanga dogo la mbele linavutwa upande wa joshi, upande usio wake, tanga kuu linavutwa ndani, na mkono wa usukani unasukumwa na kufungwa upande wa demani, yaani upande upepo unakokwenda. Tanga moja linasukuma mbele, jingine linarudisha, na boti inatulia ikisogea kidogo kidogo kwa ubavu. Kelele zinapungua kwa namna inayoshangaza. Hapo watu hupika, hutibu mgonjwa, hulala, hungoja mapambazuko kabla ya kuingia bandari wasiyoijua.

Bumu nalo, mzee, ni la kuheshimiwa. Upepo ukitoka nyuma kabisa na mshika usukani akazembea, tanga hupinduka ghafla na mti huo hufyeka sitaha kwa urefu wa kichwa. Hufungwa kwa kamba kuelekea omo, na watu hutembea wameinama.

Karatasi zipi zinahitajika? Nina mpango kama huo mwakani. — Mfanyabiashara, Kongwa

Pasipoti yenye angalau miezi 6 mbele, jina kwenye orodha ya mabaharia ya chombo, muhuri wa Uhamiaji wa kutoka nchini, na kibali cha chombo kutoka forodha na bandari kabla ya kung’oa nanga. Ushelisheli huomba idhini ya kuingia inayojazwa mtandaoni; jazeni kabla, baharini hakuna mtandao wa simu. Kadi ya homa ya manjano ibebwe, na chanjo ichomwe mapema, kwa sababu cheti huanza kutambulika siku ya 10 baada ya sindano. Mkifika, pandisheni bendera ya njano na mtu asishuke mpaka maofisa wa afya na uhamiaji wapande.

Nakala za karatasi zote ziwekwe kwenye mfuko usioingiza maji ndani ya begi la dharura, pamoja na redio ya mawasiliano ya VHF ya mkononi, tochi, miwani na dawa za kila mtu. Redio hiyo ikae chaneli 16, na kila mmoja, hata aliyepanda juzi, ajue kusema Mayday, wito wa kuomba kuokolewa, mara 3, jina la boti mara 3, mahali mlipo, kilichotokea na idadi ya watu. VHF haifiki mbali, mara nyingi ni maili 20 hivi hata kwa antena ya mlingotini, na ya mkononi ni pungufu zaidi. Kwa hiyo boti iwe pia na kitoa ishara cha setilaiti cha megahezi 406 kilichosajiliwa kwa jina la boti hiyo. Kilichonunuliwa mtumba bila kubadilishwa usajili huwapeleka waokoaji kumpigia simu mwenye boti wa zamani.